Mzee wa Nyongeza

Ninyi mnaonisoma Jumamosi na kunicheka Jumatatu, sogeeni karibu. Leo sijitetei. Leo nasimulia jinsi nilivyotaka kuvunja nyumba ya watu kwa ajili ya kikombe cha bati, halafu mniambie kama mmewahi kukutana na mjinga aliyenizidi.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Séverin, karani, na mwaka 1956 nilikuwa katibu wa Nyota, timu ya mpira wa kikapu ya Kabondo, hapa Kisangani. Timu niliianzisha mwenyewe. Muhuri ulikaa kwangu, ufunguo wa sanduku la mipira ulikaa kwangu, na watu waliponiona njiani waliniita Katibu, hata mama yangu mzazi. Miezi ya mapumziko ilipofika, Julai na Agosti, nilibadilishana wachezaji na Umeme, timu ya ng'ambo ya mto. Niliwapa Évariste na René, vijana wawili wenye mbio. Wao wakanipa Michel.

Juu yake nikawatupia Urbain. Ndiyo, nikawatupia. Neno hilo nimelichagua mwenyewe.

Urbain alikuwa seremala, mtu wa miaka arobaini na miwili, kitambi kimeanza, magoti yanalia akiinama. Ubao wa vikapu vyetu vyote viwili aliupasua yeye. Mimi mwenyewe, kabla sijawa Katibu wa kuitwa hivyo hata na mama yangu, alinifundisha yeye namna ya kushika mpira kwa ncha za vidole badala ya kuukumbatia. Nilipompelekea barua ya kumhamisha aliisoma mara mbili, akaingia ndani, akatoka na viatu vya timu. Alivipanga kizingitini pangu, kamba zimefungwa vizuri. Hakuuliza kitu. Nami nikaona afadhali, maana nilikuwa na haraka.

Wiki iliyopita niliwaacha hapo. Sasa sikilizeni jinsi akili yangu ilivyofanya kazi.

Mwanzoni, kabla ya barua hiyo, Michel hakukubali kuvuka mto hivi hivi. Alikuwa na sharti moja. Alisema amechoka kula kwa mama yake, na kama Kabondo tunamtaka basi tumtafutie bibi hukuhuku Kabondo, apate kisa cha kukaa. Mtu mrefu vile, anayekaba watu wawili peke yake, sharti lake ni mke tu! Niliona ni rahisi kuliko kumtafutia viatu vya mguu wake.

Nikafikiri ni binti wa nani. Nikamfikiria Clothilde, aliyekuwa anajifunza cherehani kwa masista, msichana mwenye macho makali na maneno makali zaidi. Clothilde ni binti wa Urbain.

Mshenga nilikuwa mimi. Mahari niliyapeleka mimi kwa mkono wangu: mbuzi mmoja mweupe, blanketi mbili na taa ya mafuta ya kioo kizima. Urbain alivipokea mkononi mwangu mbele ya ndugu zake, kama desturi inavyotaka. Wale wawili walipendana, tena haraka, mpaka majirani wakaona haya. Michel alionekana akimsaidia mkewe kuosha sufuria mlango ukiwa wazi. Siku ya karamu tulimla yule mbuzi, na miongoni mwa walioramba vidole alikuwamo Cyprien, katibu wa Umeme, niliyemwalika ili aone jinsi Kabondo tunavyojua kutunza wachezaji.

Alikula vizuri sana. Na alikuwa anatazama.

Wiki mbili baadaye tulikutana naye kwenye baa karibu na kivuko kutia saini. Karatasi zilikuwa tayari. Cyprien akakuna shavu, akasema: "Bon, Séverin. Michel nakupa. Lakini utie matabisi kidogo. Unipatie ule muzee Urbain. Atafundisha batoto ya kwetu."

Nilicheka, wasomaji wangu. Nilicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunataka kingine. Mtu anaomba nyongeza, anaweza kuomba kijana, anaweza kuomba mpira mpya, yeye anaomba mzee wa kitambi. Nikagonga muhuri haraka asije akabadili mawazo.

Sasa leo, miaka miwili baadaye, kila mtu wa Kabondo anasema alijua. Kinyozi alijua. Mama anayeuza chikwangue, ule mkate wa muhogo, penye njia panda alijua. Mwalimu wa katekisimu alijua, na anasema aliniombea. Ila Agosti ile, wote hao walinibeba mabegani kutoka kivukoni hadi nyumbani wakiimba jina langu, na kinyozi alininyoa bure. Nadhani walikuwa wananyamaza kwa adabu.

Wanaojua baadaye ni wengi, na huongea kwa sauti. Mimi sina ruhusa ya kuwa mmoja wao, kwa sababu jambo lenyewe halikuhitaji unabii. Nilimwoza Michel binti wa Urbain, halafu nikamtia Urbain kwenye timu ya adui. Mimi mwenyewe. Muhuri wangu upo chini ya karatasi.

Tulikutana na Umeme Oktoba, kwenye uwanja wa saruji wa misheni. Dakika tano za kwanza Michel aliwafanya Évariste na René waonekane watoto wa komunyo. Nikageuka kuwatazama watu, nipokee heshima yangu.

Ndipo Cyprien akamwinua Urbain. Mzee aliingia pekupeku, kwa sababu viatu vyake vilikuwa kwangu. Akatembea taratibu mpaka pale aliposimama Michel, akakohoa.

Michel aliinamisha macho, akarudi nyuma hatua mbili na kuweka mikono mgongoni.

Urbain akapewa mpira. Akautazama, akaupangusa kwa shati, akapiga. Kikapu. Akarudi polepole, akakaa tena karibu na Michel. Michel akasogea tena. Kikapu cha pili. Nikapiga kelele kwamba mtu mwingine amkabe mzee, na wakajaribu, lakini Urbain alimfuata Michel kila kona ya uwanja, na kila alipofika palikuwa wazi. Michel alipokuwa na mpira yeye, mzee alienda kusimama chini ya kikapu chetu cha kufungia, mikono kiunoni. Michel alifika pale, akasimama, akampa mwenzake mpira na kuondoka. Mtu tuliyemwita nguzo ya timu aliuzunguka ule uwanja kama anayetafuta njia ya kutokea.

Tulifungwa kwa tofauti ya pointi kumi na saba. Mzee wa nyongeza peke yake alifunga ishirini na mbili.

Nilimkamata Michel nyuma ya ukuta wa misheni. Nilimwambia mengi, mengine siwezi kuyaandika katika gazeti. Alisubiri nimalize.

"Ule ni bokilo yangu, tonton," alisema. Bokilo ni baba mkwe; tonton ni mimi, mjomba wa heshima. "Mi nitamunyang'anya kitu mu mikono? Ni sawa kumunyang'anya sahani ya chakula. Na kuruka juu ya kichwa yake, hiyo hata usiseme tena."

Nikamwambia huu ni mchezo. Akaniambia mchezo unaisha saa moja, ukwe hauishi. Kisha akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko tusi: "Weye njo uliniletea bibi. Weye njo ulitoa baba yake. Ulikuwa unafikiri nini?"

Nilikuwa nafikiri mhudumu ameleta bia ya baridi. Ukweli ni huo.

Na Cyprien? Alinipita akitabasamu, akanishukuru kwa mbuzi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwenzangu hakuja kwenye ile karamu kula tu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao sikuuacha tu, niliukunja vizuri nikampelekea jirani.

Basi. Timu nyingine zote za mji tulizipiga, maana hakuna hata moja iliyokuwa na mkwe wa Michel. Umeme nao walizipiga zote. Kufika Desemba, fainali ya kikombe ikabaki sisi na wao.

Papa Alphonse, mwenyekiti wetu, muuguzi aliyezoea kuchoma watu sindano bila kuwatazama, aliitisha kamati. Walisema kwa zamu jinsi walivyojua tangu mwanzo. Kisha yeye akasema neno fupi: nikileta kikombe, yamekwisha. Nisipokileta, Jumatatu asubuhi nirudishe muhuri na ufunguo, na jina langu litolewe katika daftari la waanzilishi.

Litolewe! Jina la kwanza kabisa. Nililiandika mwenyewe, kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wangu mzuri. Sikupata usingizi wa raha siku hizo. Mlioanzisha kitu chenu mnanielewa, hata kama ni kibanda cha sabuni.

Njia ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya mtu mzima: kwenda kumwomba Urbain asicheze.

Nilimkuta karakanani akipiga randa ubao wa mlango. Alinipa kigoda. Niliongea kama karani, nikazunguka, nikataja urafiki wetu, nikataja umri wake na magoti yake, nikasema labda Jumapili apumzike, atazame vijana. Aliendelea kupiga randa. Maganda ya mbao yalijaa juu ya viatu vyangu.

"Yaya Urbain," nikasema mwisho, nikimwita kaka, "nakuomba."

Aliweka randa chini. "Weye ulinitoa sawa matabisi," alisema. "Sasa unakuja kuniomba sawa mutu. Chagua kwanza moja, kiisha urudie."

Kisha akaniuliza kama viatu vile vinamtosha aliyepewa. Nikasema vinamtosha. Ukweli ni kwamba havikupewa mtu. Vilikuwa bado chini ya kitanda changu, na kila nilipotafuta kandambili niliviona. Niliona haya, wasomaji, na haya ikitokea kwa mtu kama mimi huwa haikai, hugeuka hila.

Njiani hila ikaja. Kama Michel hamgusi Urbain kwa sababu ni mkwe, basi dawa ni asiwe mkwe. Si milele! Jumapili tu. Clothilde angekunja vitenge vyake Ijumaa, arudi kwa baba yake kama mke aliyekasirika, wanawake hufanya hivyo kila siku. Mahari yangerudishwa kidogo. Jumatatu mimi mshenga ningekwenda kumwombea msamaha na kumrudisha, tena ningeleta mkate. Niliona ni jambo zuri kabisa. Nilitembea hadi kwake nikipiga mluzi.

Clothilde alikuwa anashona. Nilimweleza yote, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto faida ya kumeza kwinini. Hakunyanyua macho mpaka alipofika mwisho wa pindo na kukata uzi kwa meno.

"Tonton Séverin," alisema, "papa yangu ulimutoa na mukono moja. Sasa unataka kunitoa mimi na mukono ya pili. Kiisha hapo utabakia na mikono gani?"

Nikamwambia ni siku moja tu. Akaniuliza kama mke wangu mimi ningemtoa siku moja tu kwa kikombe. Nikakawia kujibu, na alikuwa na akili ya kutosha kuona nimekawia. Akasimama, akanifungulia mlango. Nilimwomba asimwambie baba yake. Alisema hataficha kitu, kwao hawafichani.

Nilijipa moyo kwamba hasira ya mwanamke inapita. Na tangu siku hiyo hadi Jumapili sikusikia neno. Watu wakimya niliwachukulia kuwa wamesamehe.

Jumapili uwanja ulijaa tangu saa saba mchana. Watu wa ng'ambo walivuka wakiwa wamejazana hadi pembeni ya kivuko, wengine kwa mitumbwi ya Wagenia, wavuvi wa mto, wamevaa nguo za kanisani. Kikombe kilikuwa juu ya meza, chini yake kitambaa cheupe cha altareni ambacho padre alitukopesha kwa masharti. Papa Alphonse alikaa nyuma ya meza. Muhuri na ufunguo alikuwa ameniambia nije navyo, viwe mfukoni, ili Jumatatu asipate taabu ya kunitafuta.

Timu zikapanga mistari. Urbain hakuwamo.

Nikamtazama Cyprien, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti Cyprien hakutabasamu. Alikuwa anatazama langoni. Nikasema moyoni, mzee amenihurumia! Nikaanza hata kuandaa maneno ya kumshukuru, mafupi, yasiyonishusha.

Ndipo umati wa langoni ukagawanyika.

Urbain aliingia pekupeku, amevaa jezi ya Umeme. Kwa mkono wa kulia alivuta mbuzi. Si yule mweupe, yule tulishamla; huyu alikuwa mweusi, mnene kumzidi. Begani alikuwa na blanketi mbili. Mkono wa kushoto taa ya mafuta, kioo chake kizima, kimefutwa. Nyuma yake alikuja Clothilde, kichwa kimefungwa kitenge cheusi, macho mekundu.

Alipita katikati ya uwanja mpaka nilipokuwa. Mbuzi alimfunga kwenye nguzo ya kikapu, nguzo aliyoichonga mwenyewe. Blanketi na taa aliviweka chini miguuni pangu. Padre aliyekuwa na filimbi aliitoa mdomoni.

"Muniskie bote," Urbain alisema, na hakupaza sauti, watu ndio walionyamaza. "Banasema napiga bikapu juu ya heshima ya Michel, hapana juu ya mukono yangu. Na Séverin anasema ndoa ya mutoto yangu njo inamuzuia kushinda. Bon. Mbuzi njo huyu. Blanketi njo hizi. Taa njo hii. Mushenga ni yeye, apokee. Akishapokea, mi siko tena bokilo ya mutu, na Michel anigonge vile anataka."

Kwa mgeni wa mambo yetu niseme hili. Mahari yakirudi, lazima yarudi kwa mkono wa yule yule aliyeyaleta. Yakilala chini hata mwezi, ndoa ipo. Mkono wa mshenga ukigusa, ndoa imekwisha. Na haina Jumatatu. Ile hadithi yangu ya kurudisha kidogo, na mkate, hakuna mzee hata mmoja ambaye angeikubali, na nilikuwa naijua desturi hiyo vizuri kama ninavyoijua sala ya Baba Yetu. Nilikuwa nimejisahaulisha.

Watu wa Kabondo walianza kelele. Pokea! Kinyozi alikuwa mbele, nilimwona, amekunja ngumi. Pokea, Katibu, tucheze! Mama wa chikwangue naye. Hata mwalimu wa katekisimu, Mungu amsamehe, alikuwa anapiga makofi kwa mpigo. Leo waulizeni, watawaambia walikuwa wamebaki nyumbani siku hiyo.

Papa Alphonse aliniinamia kwa nyuma. Pumzi yake ilinuka karanga. Akaniambia, polepole, kwamba kuna wanawake wengi Kisangani na kikombe ni kimoja.

Michel alikuwa ametoka mstarini. Alisimama upande wa pili wa zile blanketi, urefu wake wote, ameiweka mgongoni mikono ile niliyotoa watu watatu niipate. Hakumtazama Urbain, hata wakati huo hakuthubutu kumtazama usoni. Alinitazama mimi.

"Tonton," alisema, "usipokee. Nakulilia. Nitaosha nguo ya timu mwaka muzima. Usipokee."

Clothilde alikuwa anatazama mikono yangu.

Nilimtazama Urbain. Nilitafuta usoni pake kama anatania, kama ananijaribu, kama kuna kona ya mdomo inayocheka. Hapakuwa na kitu ila jasho. Alikuwa ananingoja nichague, kama alivyonitaka nichague kule karakanani, na safari hii alikuwa amenileta mahali ambapo mji mzima ungeona.

Niliwaza jina langu katika lile daftari, kwa wino wa buluu. Niliwaza viatu chini ya kitanda. Mfukoni nilikuwa nimeushika muhuri, nimeukaza mpaka kingo zake zimenichora kiganjani. Mbuzi akalia. Kikombe kilikuwa hatua tatu kutoka nilipo, kinang'aa, na mtu alikuwa amekisugua kwa majivu asubuhi ile.

Mnataka kujua nilifanya nini. Nitawaambia tu kile ambacho watu elfu moja walikiona, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya haifai. Nilitoa mkono wa kulia mfukoni, mtupu, na ukaenda kwenye ile taa, ukaigusa.